Yule Kaa Mweusi wa Mwambani ni Nani?

Ukiishi pwani na watu wakajua kwamba unapenda viumbe vya baharini, picha za kaa hazikomi kwenye simu yako. Nyingi ninazotumiwa zinafanana: mwamba wenye matundu, povu la wimbi pembeni, na katikati kiumbe cheusi kilichojibana, nusu yake kimeshazama kwenye ufa. Swali nalo ni lilelile: huyu ni kaa gani? Nami huanza kwa kuuliza. Ulimkuta wapi? Juu ya maji kiasi gani? Alikuwa juu ya jiwe au chini ya jiwe? Hapo palikuwa panapigwa na mawimbi, au ni ndani ya hori ambako maji yametulia?

Wengine hudhani ninawazungusha. Sivyo. Kaa wa pwani yetu wamegawana makazi kwa utaratibu ulio imara kuliko rangi zao. Rangi ya kaa hubadilika kwa umri, hubadilika akishajivua gamba, na jua kali la saa sita likimpiga picha yake hutoka tofauti kabisa na alivyo. Lakini kaa wa mwambani humkuti akichimba mchanga, wala kaa wa mikoko humkuti akining'inia kwenye jabali linalopigwa na kusi. Ukijua alipokuwa, umeshaondoa majina mengi kabla hujamtazama hata miguu. Na kwa picha ile ninayotumiwa kila likizo, jibu karibu mara zote ni jenasi moja (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), Grapsus, na aliye wa kawaida zaidi kwetu ni Grapsus tenuicrustatus.

Tuanze na jiwe, maana jiwe ndilo lililomfanya awe hivyo alivyo.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, mahali pepesi pa kumwona ni Coco Beach, pale Oysterbay, zile sehemu ambazo mchanga unakwisha na miamba inaanza. Mombasa nenda chini ya bustani ya Mama Ngina, mkabala na mlango wa Kilindini. Unguja, karibu popote penye jabali linaloingia baharini: Nungwi, Kizimkazi, au kisiwa cha Chumbe ambacho kingo zake zimeliwa na maji kwa chini hadi zimebaki zimening'inia. Kote huko jiwe ni lilelile: matumbawe ya kale. Miamba hii ilikuwa hai chini ya maji, na sehemu kubwa ya ile tunayoiona leo kwenye pwani ya Afrika Mashariki inahusishwa na kipindi cha takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa kwa mita kadhaa. Bahari ikashuka, matumbawe yakabaki nchi kavu, yakafa, yakawa jiwe la chokaa.

Jiwe la chokaa huliwa taratibu na mvua na maji ya chumvi. Kuna na wanyama wadogo wanaolikwangua kutwa kucha wakitafuta mwani. Ndiyo maana miamba yetu ina makali yanayokata mguu, ina matundu ya kila ukubwa, nyufa nyembamba zinazoingia ndani sana, na kule chini imechimbika hadi ikawa na kivuli. Kwa mwenye kutembea pekupeku ni adhabu. Kwa kaa ambaye mwili wake ni bapa, ni mtaa wenye milango isiyohesabika.

Simama pale maji yakiwa yamekupwa, utazame jabali kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa, ambako maji hayafiki ila kwa mnyunyizo, jiwe ni la kijivu kilichoiva hadi kuwa cheusi, na wakazi wake ni konokono wadogo sana waliojificha kwenye vitundu wakingoja unyevu. Shuka kidogo utawakuta konokono wa duara wa jenasi ya Nerita, wengine wameganda makundi kwa makundi mahali penye kivuli. Chini yao unaanza mkanda wa chaza wa miamba, Saccostrea, wale wenye kingo kali kama wembe. Halafu mwani wa kijani, halafu tambarare ya mwamba yenye vidimbwi, nyasi za bahari na viumbe vya kila aina vya kukuchoma, kama fuma wenye miiba na wengineo. Tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukupwa kuliko kawaida, ni zaidi ya mita 3, kwa hiyo mikanda hii inatandazika vizuri na macho yanaiona.

Kaa wetu hana mkanda mmoja. Yeye hufuata ukingo wa maji. Maji yakishuka naye hushuka kula kwenye mwani uliofunuliwa, yakipanda naye hupanda, hadi unamkuta juu ya chaza, mkavu mgongoni, amelikumbatia jabali huku wimbi likivunjika chini yake. Hili ni la kuzingatia sana. Kaa wengi wa mwambani maji yakikupwa hujificha kungoja maji yarudi. Huyu hutoka. Ukimwona kaa mkubwa mweusi amekaa wazi juu ya jiwe mchana kweupe, na ukikohoa tu anahama upande wa pili wa jabali kabla hujageuza shingo, umeshafika karibu sana na jina lake.

Sasa mtazame mwenyewe. Gamba la mgongo ni bapa na linakaribia duara, kwa mkubwa upana wake unafikia sentimita 8 hivi. Rangi ni kijani kilichokolea au hudhurungi inayoelekea weusi, imenyunyiziwa vidoa na vistari vyeupe vyeupe. Pembeni mwa gamba, kulia na kushoto, kuna mistari ya mshazari iliyojikunja, ambayo unaweza kuihisi kwa kucha ukiokota gamba tupu. Paji la uso limeshuka wima, kwa hiyo ukimtazama kwa mbele unauona uso wa kweli, umesimama, na macho yako pembeni. Miguu minane ya kutembelea ni mirefu na bapa, mapaja yake mapana, na vidole vya mwisho vina miiba mifupi migumu. Miiba hiyo ndiyo inayomshika jabali pale ambapo wewe ungeteleza.

Magando ndiyo yanayowashangaza watu. Kwa mnyama wa ukubwa ule wangetarajia silaha. Wanakuta vigando vifupi, vyekundu vya kuelekea zambarau, vyenye ncha pana zilizobonyea ndani kama kijiko. Kazi yake si kuvunja. Ni kukwangua.

Ukipata nafasi ya kukaa mita mbili tatu kutoka kwake bila kutikisika, mwangalie akila, maana hapo anajieleza kuliko kwenye kitabu chochote. Anainamisha uso, gando la kulia linakwangua jiwe na kupeleka mdomoni, na kabla halijashuka la kushoto limeshaanza kukwangua. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila kupumzika. Anakula utando wa mwani ambao sisi tunauona kama utelezi tu, ingawa akikuta kipande cha mnyama aliyekufa hakiachi. Kila baada ya muda anasogea hatua moja kwa ubavu na kuanza upya, na pale alipopita unaona alama ndogo zilizopauka kwenye jiwe. Macho hayashuki hata wakati mdomo unafanya kazi. Pitisha kivuli cha mkono, magando yote mawili yanasimama palepale.

Kuna sababu ya hofu yote hiyo. Angani yuko kunguru, yule mwenye shingo ya kijivu aliyeingizwa Zanzibar miaka ya 1890 na ambaye leo ametapakaa pwani nzima. Yuko na korongo wa mwambani anayevizia kimya. Upande wa maji yuko pweza, na yuko mkunga, yule samaki mwenye umbo la nyoka. Mkunga mwenye madoa madogo meusi, Gymnothorax pictus, hufika hadi ukingoni kabisa na kujirusha nje ya maji kumkamata Grapsus juu ya jiwe. Ukiwa na bahati ukaona tukio hilo, utaelewa kwa nini kaa huyu hagusi maji kwa utulivu, kwa nini anaruka kutoka jiwe hadi jiwe badala ya kuvuka kidimbwi. Akishikwa mguu yuko radhi kuuacha. Mguu hukatika mahali palepale pa siku zote, karibu na mwili, tundu hufunga, na mguu mpya huanza kuota na kuonekana akijivua gamba. Kwa hiyo ukimwona ana miguu sita usidhani ni spishi nyingine.

Kuhusu kujivua gamba, hapa ndipo picha nyingine nyingi zinapotokea. Mtu anaokota mwambani kaa mwekundu, mwekundu hasa, mkavu, hajaoza wala hanuki, ananiuliza ni kaa gani huyu adimu. Ni yuleyule mweusi. Kaa hawezi kukua bila kuvua gamba lake. Linapasuka kwa nyuma, anatoka kinyumenyume akiwa laini, anajificha hadi gamba jipya ligande. La zamani linabaki mwambani na jua linalipika. Rangi nyekundu ilikuwamo tangu mwanzo, imefungwa na protini na kuonekana kijani au nyeusi. Joto linapovunja ule mfungamano, wekundu hujitokeza, sawasawa na kamba anapotiwa kwenye sufuria. Liinue: ni jepesi mno, ndani tupu, na kwa nyuma kuna mlango aliotokea. Ukilikuta zima, lihifadhi. Hakuna njia bora ya kujifunza umbo la kaa huyu, kwa sababu aliye hai hakupi muda.

Nilikuwa nikimfukuzia mmoja na kamera pale Oysterbay, mzee mmoja aliyekuwa amekaa na mshipi wake akawa ananitazama tu. Nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unamtaka wa nini huyo?"

"Kumpiga picha tu, babu."

"Mchana atakuchosha, mwanangu. Njoo usiku na tochi, utamkuta ametulia mwenyewe."

Yeye alikuwa akiwakamata usiku kwa ajili ya chambo. Na ni kweli. Usiku hupanda na kutandaa mwambani, na mwanga ukimpiga usoni huganda kwa muda wa kutosha kuhesabu miiba ya miguu. Ajabu ni kwamba mbali sana na hapa watu wanajua hilohilo. Spishi hii imeenea kutoka Afrika Mashariki, ikavuka Bahari ya Hindi, hadi Hawaii katikati ya Pasifiki, na kule wenyeji wanamwita ʻaʻama, humwinda usiku kwa taa na kumla. Uenezi huo haukufanywa na miguu. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, kwenye lile bamba pana (dume bamba lake ni jembamba, pembetatu), na vitoto vinavyotoka havifanani na kaa hata kidogo: ni vijidudu vyenye miiba vinavyoelea na mikondo ya bahari kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi ufukoni na kuwa kaa. Mwamba wa Coco Beach unaweza kuwa umepokea watoto wa mwamba wa mbali sana.

Jina lake la kisayansi alipewa mwaka 1783 na Herbst, mchungaji wa kanisa mjini Berlin aliyetumia miaka mingi kuwaandika na kuwachora kaa wa dunia nzima. Kwa upande wetu, kazi ambayo bado naiheshimu ni ya Richard Hartnoll, aliyechapisha mwaka 1975 orodha na maelezo ya kaa wa familia za Grapsidae na Ocypodidae wa Tanzania, na mwaka uliofuata akaandika kuhusu ikolojia ya fukwe za miamba za Afrika Mashariki. Inanisikitisha kwamba hadi leo mwanafunzi wa Kinondoni au wa Likoni anayetaka kumjua kaa anayemkanyagia jirani hana mahali pa kusoma habari hizi kwa Kiswahili. Akitafuta kwenye intaneti analetewa kaa mwekundu wa Galápagos, Grapsus grapsus, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758. Huyo ni wa pwani za Amerika. Ni ndugu wa karibu, umbo ni lile, tabia ni ile, lakini kwetu hayupo. Programu za simu za kutambua viumbe nazo nimeziona zikitoa jina hilo kwa kaa wa Unguja. Likija, likatae.

Yupo ndugu mwingine ambaye kwetu yupo kweli, Grapsus albolineatus. Anakaa kwenye mawe hayohayo, na mistari myeupe au ya buluu iliyopauka mgongoni mwake huwa imekatiza wazi zaidi. Wakiwa wakubwa na picha ikiwa nzuri unaweza kuwatenganisha. Wakiwa wadogo na wamelowa, andika Grapsus tu uishie hapo. Hakuna aibu katika kuandika jenasi peke yake. Aibu ni kulazimisha jina.

Majirani wengine hawachanganyi ukishajua kuangalia. Wa kwanza ni Eriphia, na huyu naomba umjue kwa usalama wa vidole vyako. Mwili wake ni mnene, si bapa. Macho mekundu. Magando makubwa, moja limezidi jingine, na lile kubwa lina meno butu ya kuvunjia konokono. Mchana amejibana tunduni ndani kabisa na unachokiona ni gando na yale macho. Kwetu wanaojulikana zaidi ni wawili, Eriphia smithii mwenye gando lenye vinundu na Eriphia sebana mwenye gando laini. Watafiti wa Kiitaliano walimchunguza sana smithii huko Sar Uanle, kusini mwa Kismayu, kwenye mwamba wa aina ileile ya kwetu. Wahenga walisema kaa akiinua gando mambo yamekatika, na nina hakika aliyetunga methali hiyo alishaingiza mkono kwenye tundu la huyu.

Ukimkuta kaa mdogo, wa sentimita mbili tatu, gamba laini lenye umbo la pembe nne, mbio kama za Grapsus lakini yuko kwenye nguzo za gati, ukuta wa bandari, au mawe yenye tope karibu na mikoko, huyo ni Metopograpsus. Magando yake mara nyingi ni ya zambarau. Chini zaidi, kule wimbi linakogonga na maji hayaondoki hasa, yuko Plagusia, naye huogelea. Mwenye macho yaliyosimama juu ya vijiti na anayechimba shimo kwenye mchanga ni Ocypode, wala hahusiani na mwamba. Anayebeba gamba la konokono si kaa wa jamii hii kabisa.

Sasa jambo ambalo sitaki lipite haraka. Chini kwenye tambarare ya mwamba, maji yakiwa yamekupwa sana, kuna kaa wazuri mno kwa rangi, wenye gamba pana lililochongeka kama yai na ncha nyeusi za magando. Wawili kati yao, Zosimus aeneus na Atergatis floridus, wana sumu mwilini, ya aina ileile ya samaki bunju na nyingine ya kupooza. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Watu wamekufa kwa kuwala katika nchi mbalimbali za Bahari ya Hindi na Pasifiki. Hawaumi vibaya, hawana haja ya kukimbia, na mtoto huwaokota kirahisi kuliko yule mweusi wa juu. Kaa wa mwambani mwenye ncha nyeusi za magando, usimpike. Waambie na watoto.

Kwa anayetaka kunitumia picha itakayotambulika, mgongo peke yake hautoshi. Piga na uso kwa mbele, piga gando kwa karibu uone kama ncha ni kijiko au ni jino, kisha rudi nyuma upige na jabali zima ili nione yuko juu ya chaza, kati ya chaza au chini. Ile picha ya tatu watu huiacha, nami ndiyo ninayoihitaji zaidi. Kama ni ukuta wa zege badala ya mwamba, sema. Kuta za kuzuia mmomonyoko zinaongezeka pwani yetu, na ninafuatilia nani anahamia wapi: palipomwagwa mawe makubwa yenye mianya, Grapsus hufika, kwenye ukuta laini usio na ufa simkuti akikaa, naona akipita tu. Wahandisi wangeacha vitundu na mapengo kwenye kuta hizo, lingekuwa jambo dogo kwao na kubwa kwa viumbe wa mkanda ule.

Wakati mzuri wa kwenda ni siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama. Dar es Salaam na Unguja siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi na kukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Fika saa tatu asubuhi yakiwa bado yanashuka, vaa viatu vya soli ngumu, usigeuze mgongo kwa wimbi, na miezi ya kusi kaa mbali na ukingo. Chagua jiwe moja ukae. Watakimbia wote ukifika, kisha baada ya dakika chache wataanza kutoka, wadogo kwanza.